Kiraka Ubavuni mwa Ndege: Jibu kwa Muuza Asali wa Isevya

Swali: "Shikamoo fundi. Nauza asali, naishi Isevya, Tabora, na mwaka huu nimepanda ndege kwenda Dar mara tatu. Safari ya mwisho, tukiwa kwenye ngazi, niliona nyuma kidogo ya mlango kuna bati la ukubwa wa sinia limepigiliwa juu ya bati lingine, limejaa ribiti. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akacheka, akasema ndege hii ina kiraka kama tyubu ya baiskeli. Nilikaa macho mpaka tunatua. Nasikia chuma cha ndege huwa kinachoka. Kikichoka mnakijuaje? Kiraka kile kinatosha kweli? Na abiria akiona kitu cha kumtia shaka aseme kwa nani, au anyamaze asionekane mshamba?"

Marahaba, mdogo wangu. Yule kijana alidhani anakutania, kumbe kasema jambo la maana kuliko anavyojua. Nitairudia tyubu yake baadaye. Kwanza nikutue mzigo: kwa maelezo yako, ulichokiona ni kazi iliyofanywa hadharani, ikaandikwa na kutiwa saini. Nimefanya kazi za bodi ya ndege, yaani bati, fremu na mbavu zake, kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kurudi nyumbani Kigoma, na kiraka hakijawahi kunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni mikwaruzo ambayo hakuna aliyeiandika.

Tena viraka vingi vya nje, hasa vya karibu na milango, havihusiani na uchovu hata kidogo. Ni ngazi iliyosogezwa kwa pupa, au trekta la mizigo lililochelewa kufunga breki. Bati la ubavu wa ndege ni jembamba, kwenye sehemu nyingi milimita moja na kitu, kwa hiyo likigongwa linabonyea. Kila kibonyeo kinapimwa urefu, upana na kina, kinachorwa kwenye ramani ya ndege hiyo, na kikizidi kipimo kilichowekwa kinakatwa na kuwekewa bati jipya. Ndege yoyote iliyofanya kazi miaka kumi ina ramani yenye vidoti vingi kuliko shati la kitenge.

Sasa huo uchovu. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote hapo Tabora umuulize spoki hukatika wapi. Atakuonyesha bila kufikiri: shingoni, inapopinda kuingia kwenye habu. Muulize tena hukatika lini. Hatakwambia ni siku ile uliyopakia madumu manne ya asali. Inakatika siku unapita tambarare, huna mzigo, unasikia tu "tii!" imekwenda. Gurudumu likizunguka, kila spoki inavutwa na kulegezwa, mara moja kwa kila mzunguko. Hakuna mvuto hata mmoja kati ya hiyo ulioizidi nguvu. Ila pale shingoni palikuwa na kikwaruzo kidogo, na kila mzunguko ukakifungua kwa kiasi ambacho huwezi kukiona. Mizunguko laki kadhaa baadaye, sehemu iliyobaki nzima haiwezi kubeba hata baiskeli tupu.

Ukiokota kipande cha spoki hiyo ukakitazama kwa lenzi, utaona nyuso mbili. Upande mmoja ni laini, una mistari myembamba iliyofuatana kama ile ambayo mawimbi ya ziwa huacha mchangani pale Kibirizi, hapa Kigoma. Upande wa pili una chembechembe kama sukari. Ule laini ni muda wote wa kuchoka, na ule wa chembe ni ile sekunde moja ya kukatika. Wachunguzi wa ajali za ndege husoma nyuso hizo hizo.

Watu wa reli ndio walioumizwa na jambo hili kwanza. Ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika huko Ulaya bila kuzidiwa mzigo, na Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, akatumia miaka ya 1850 na 1860 kuzizungusha ekseli kwenye mitambo mpaka zikatike, huku akihesabu. Aligundua kwamba chuma kikibebeshwa mzigo wa kurudiarudia kinakatika kwa mzigo mdogo kuliko ule wa mara moja. Akagundua na jingine: kwa chuma, ukiushusha mzigo chini ya kiwango fulani, unaweza kuurudia mara mamilioni na hakuna kitakachotokea. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, elimu hiyo ilikuwa na umri wa mtu mzima. Ndiyo sababu mojawapo ya meli yetu Liemba, iliyounganishwa kwa ribiti hapa Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924, kuendelea kubeba watu mpaka karne hii. Bati lake ni nene na mawimbi ya ziwa hayalifikishi kwenye kiwango kile, ilimradi kutu isiingie.

Alumini haina kiwango hicho. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, utaizalia alumini ufa siku moja. Utaniuliza kwa nini basi tusijenge ndege kwa chuma. Kwa sababu chuma kina uzito karibu mara tatu ya alumini, na ndege hiyo ingebaki hapo hapo uwanjani Tabora ikawa ghala.

Kwa hiyo umri wa ndege usiuhesabu kwa miaka peke yake. Hesabu miruko. Kila ndege ikipanda, kabini hujazwa hewa ili muweze kupumua, na mwili wote wa ndege unatuna kidogo kama tyubu, ikishuka, unarudi. Kwenye ndege ya pangaboi mnayopanda ninyi, ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani inasukuma ukuta kwa nguvu ya karibu tani nne kwa kila mita ya mraba. Jeti kubwa hupita tani tano. Ndege ikitoka Dar, ikatua Tabora, ikaja Kigoma, na kurudi njia hiyo hiyo, imetuna na kunywea mara nne kabla ya jua kuzama. Ile inayokwenda Ulaya imefanya mara moja tu. Zote mbili zinaweza kuwa zimetoka kiwandani siku moja, lakini yetu imezeeka zaidi.

Dunia ililijua hili kwa gharama. Comet ya Uingereza, jeti ya kwanza ya abiria kuingia kazini, mwaka 1952, zilipasuka hewani mbili ndani ya miezi mitatu mwaka 1954, moja karibu na kisiwa cha Elba na nyingine karibu na Naples. Wachunguzi wakaichukua Comet nyingine wakaitumbukiza kwenye tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakaijaza maji kwa presha na kuyapunguza, mchana na usiku, mpaka ilipopasuka, ikiwa na miruko kama 3,000 ukijumlisha ile ya kweli na ya tangini. Watu hupenda kusema kosa lilikuwa madirisha ya mraba. Hayakuwa mraba kamili, kona zake zilikuwa zimeviringwa, ila haba. Na ule ufa wa ndege ya Elba ulianzia kwenye kona ya uwazi wa antena juu ya paa, kwenye tundu la ribiti. Kona na tundu. Mpaka leo fundi wa bodi akiingia ndani ya ndege jicho lake linakwenda kwenye vitu hivyo viwili.

Kukagua kwenyewe kunaanza na ndoo na sabuni. Sikutanii. Ufa ulio chini ya grisi hauonekani hata na malaika. Viti vinatoka, zulia linatoka, mbao za sakafu zinafunguliwa, ule ukuta wa plastiki unaouegemea ukisinzia unatolewa, blanketi za kuzuia baridi na kelele zinachomolewa, na hapo ndipo ndege inaonekana ilivyo: mifupa ya kijani. Kijani ni rangi ya kuzuia kutu.

Huko chini ya sakafu kuna siri za abiria. Karibu na choo na karibu na jiko ndipo kutu inapopenda kukaa, kwa sababu kila kinachomwagika juu kinaishia chini. Soda, chai, na vingine nisivyovitaja. Sisi watu wa Kigoma tuna dhambi yetu ya migebuka: boksi la samaki lililofungwa kwa haraka, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye sakafu ya mizigo. Nanyi Tabora mna asali. Asali ni tamu mdomoni lakini ni tindikali, tena inavuta unyevu wa hewa na kuganda mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kutu ikichimba kashimo kwenye alumini, kashimo hako ndiko kikwaruzo cha spoki tulichokisema. Lifunge vizuri dumu lako.

Jicho ndilo kifaa cha kwanza, na kasoro nyingi huonekana kwa jicho kabla ya mtambo. Ila kuna kutazama na kutazama. Tochi huilengi moja kwa moja kwenye bati, unailaza ubavuni ili mwanga upite juu ya bati kama jua la saa kumi na mbili jioni, ndipo kila kivimbe kinatupa kivuli. Unatafuta rangi iliyopasuka kwa mstari. Unatafuta ribiti iliyolegea. Hiyo tunasema inavuta sigara, kwa sababu inasuguana na tundu lake na kutoa unga mweusi ambao upepo unauburuta nyuma yake kama moshi. Enzi za watu kuvuta sigara za kweli ndani ya ndege mafundi walikuwa na msaidizi mwingine: hewa ikipenya kwenye ufa ilikuwa inaacha lami ya kahawia nje ya bati. Marufuku ya sigara imeokoa mapafu, ikatunyima dalili.

Jicho likiishia, vinaingia vifaa. Tunachokitumia zaidi kwenye bati ni edikarenti. Ni kifaa chenye kalamu, na kwenye ncha ya kalamu kuna koili ndogo ya waya. Umeme wake unafanya mikondo midogo izunguke ndani ya alumini yenyewe. Bati likiwa zima, mikondo inazunguka raha mustarehe na kidoti kwenye kioo kinatulia. Penye ufa, mikondo inalazimika kupinda kama maji ya mto yaliyokuta gogo, na kidoti kinaruka. Unaizungusha kalamu pembeni ya kila ribiti, moja baada ya nyingine. Mia nne. Elfu moja. Shingo inauma, macho yanauma, na ribiti ya 900 inastahili heshima ile ile ya ribiti ya kwanza. Kabla hujaanza, unaijaribu kalamu kwenye kipande cha alumini ya aina ile ile kilichochanjwa ufa wa makusudi. Ukiuruka hatua hiyo, unachokagua ni bahati yako. Kuna pia altrasaundi, eksirei, unga wa sumaku kwa miguu ya ndege ya kutua, ambayo ni chuma, na kamera za kupenyeza kwenye matundu. Kila kimoja kina pake. Na ndege mpya zenye mwili wa nyuzi za kaboni hazichoki kwa namna hii; maradhi yake ni kugongwa na kuachana matabaka ndani kwa ndani, na mpaka leo utamwona fundi anagonga bati lake kwa sarafu akisikiliza mlio.

Nikupe tukio moja. Tulikuwa kwenye ukaguzi mkubwa wa ndege ya pangaboi, shirika silitaji, nami nimelala chali chini ya mlango wa mizigo. Kwenye kona ya fremu nikaona kitu kama unywele juu ya rangi. Mwenzangu akachungulia akasema ni unywele wa brashi uliogandia siku ya kupaka, tuendelee, saa nane usiku hii. Inawezekana ulikuwa unywele. Tukakwangua rangi. Tukapaka kile kimiminika chekundu kinachopenya, tukasubiri, tukafuta mpaka pakawa safi, halafu tukapulizia unga mweupe. Hapo hakuna la kufanya ila kutazama. Dakika ya tatu hakuna kitu. Dakika ya tano mwenzangu akaanza kukusanya vifaa. Kisha juu ya ule weupe ukatokea mstari mwekundu, polepole, kama damu kwenye bandeji, ukitoka kwenye tundu la ribiti kuelekea kwenye tundu la pili. Milimita 14. Ndege ilikaa chini siku tisa, na hakuna abiria hata mmoja aliyejua kwa nini ratiba yake ilibadilishwa.

Utauliza, je, kama ningeamini ni unywele? Ndege isingeanguka wiki ile. Na hili ndilo watu wengi hawalijui: tunajenga na kukagua tukiamini kwamba ufa upo tayari. Mhandisi anafanya hesabu hivi. Tuseme ufa ukifika milimita 5 kifaa kinaweza kuuona, na kutoka hapo utahitaji miruko 12,000 kufika urefu wa hatari. Hatusubiri miruko 12,000. Tunaigawa kwa mbili, au kwa tatu, tukague kila miruko 6,000 au 4,000, ili fundi aliyechoka usiku mmoja akiupita, mwingine aukute kabla haujawa msiba.

Utaratibu huo haukutoka hewani, na ajali iliyousukuma haikuwa mbali na sisi. Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo iliyotoka London kwa kupitia Athens na Nairobi ilikuwa inakaribia kutua Lusaka pale bawa dogo la mkia upande wa kulia lilipokatika. Watu wote sita waliokuwamo walikufa. Boriti ya nyuma ya bawa hilo ilikuwa na ufa wa uchovu wa muda mrefu. Wabunifu walikuwa wameweka njia ya akiba, kwamba kipande kimoja kikikatika kingine kibebe. Kilichokosekana ni mtu kuambiwa aende akaangalie kama kipande cha kwanza kimeshakatika. Walipozikagua 707 nyingine 521 za mkia wa aina hiyo, 38 zilikutwa na nyufa kwenye boriti ile ile. Mwaka uliofuata Marekani ikabadilisha kanuni: mtengenezaji hatakiwi kusema tu ndege ina akiba, anatakiwa aonyeshe ufa utakua vipi na utakamatwa lini. Ndege unayopanda wewe inakaguliwa kwa mantiki hiyo.

Sasa turudi kwa tyubu ya yule kijana. Fundi baiskeli anapoziba tyubu anafanya mambo matatu. Anasugua kwa msasa mpaka uchafu wote utoke. Anakata kiraka kikubwa kuliko tundu. Na anakikata mviringo, maana chenye kona kinaanza kubanduka konani. Sisi tunafanya hayo hayo, tukiongeza moja ambalo yeye hahitaji: tunaliondoa jeraha. Ufa haufunikwi. Unakatwa wote pamoja na sehemu iliyouzunguka, ukingo unalainishwa mpaka kidole kiteleze, na edikarenti inapitishwa tena kuthibitisha hakuna mkia uliobaki. Kutoboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee ni huduma ya kwanza, inaruhusiwa mahali pachache na kwa muda.

Kisha linakuja bati la juu, kwa kawaida nene hatua moja kuliko la chini. Kona zake zinaviringwa. Ribiti zinapangwa kwa kipimo: isikae karibu na ukingo chini ya mara mbili ya kipenyo chake, zisibanane, zisiachane mno. Kuna ribiti tunazitunza kwenye friza, ndiyo, friza kama la samaki, kwa sababu zikikaa kwenye joto zinakomaa na kuwa ngumu kabla hujazigonga. Ukizitoa una dakika chache tu. Kati ya mabati mawili inapakwa silanti ili maji yasipate njia. Vipimo vyote vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji. Jeraha likizidi kitabu, tunatuma picha na vipimo kiwandani na kusubiri mchoro, hata kama bosi anazunguka hanga, yaani karakana ya ndege, akitazama saa. Mwisho anasaini fundi mwenye leseni, na leseni hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaweza kuichukua.

Umeniuliza kama kinatosha. Kinatosha kubeba mzigo, ila hakimalizi habari. Bati la kiraka ni gumu kuliko jirani zake, kwa hiyo linavuta mzigo, na mstari wa kwanza wa ribiti ukingoni ndio unaoubeba zaidi. Ufa mpya ukija utaanzia hapo, tena kwenye bati la chini, chini ya kiraka, mahali ambapo jicho la nje halifiki. Ndiyo maana kiraka kizuri kina tarehe zake za kukaguliwa kwa kifaa, peke yake, mpaka ndege istaafu. Kiraka kisicho na karatasi ni bati tu.

Mifano miwili inatosha. Jumbo moja ya Japani, yaani Boeing 747, iliburuza mkia ikitua Osaka mwaka 1978. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabini ukatengenezwa, lakini bati la kuunganisha lililopaswa kuwa moja liliwekwa likiwa vipande viwili, na kazi ya mistari miwili ya ribiti ikaangukia mmoja. Kwa nje ilionekana safi. Ikaruka zaidi ya mara 12,000 hivyo hivyo. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukaachia, mkia ukavunjika, watu 520 wakafa. Nyingine ni Jumbo ya Taiwan iliyoburuza mkia Hong Kong mwaka 1980. Wao walipiga kiraka juu ya mikwaruzo bila kulikata bati lililokwaruzwa. Miaka 22 mikwaruzo ile ilikua gizani chini ya bati zuri, mpaka Mei 2002 ndege ikasambaratika juu ya bahari ikiwa na watu 225. Kwangu mimi hii ya pili ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu kila aliyepita chini ya ndege ile aliona kiraka na kuridhika.

Na sisemi hivyo kama mtu msafi. Nikiwa kijana nilipewa kazi ya kukwangua silanti iliyokauka kwenye maungio ya bati. Kijiti cha plastiki kilikuwa kinachelewesha, nikachukua kipande cha msumeno wa chuma nilichokinoa mwenyewe. Kazi ikaenda mbio. Halafu mkono ukateleza na kuacha mstari wa sentimita nne hivi, mwembamba, unang'aa. Rangi ingeufunika siku ile ile na hakuna ambaye angejua. Nilisimama pale nadhani dakika kumi. Nikaenda kumwita mzee wetu wa zamu. Hakunigombeza. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari, mara mbili, ukucha ukakwama, akasema, "Ukishika ukucha ni jeraha." Tukaulainisha kwa msasa mpaka kingo zikapotea, tukapima unene uliobaki, tukapitisha edikarenti, tukaandika, nami nikasaini chini ya jina lake. Kile kipande cha msumeno alikikunja vipande viwili mbele yangu. Miaka mingi baadaye kampuni za ndege duniani zililazimika kusaka mistari ya namna hiyo hasa, iliyoachwa na visu vya mafundi kwenye maungio ya bati, na baadhi ilikuwa imeshageuka nyufa.

Limebaki lile la kusema au kunyamaza. Aprili 1988 huko Hawaii, abiria mmoja akiwa anapanda Boeing 737 aliona ufa kwenye bati karibu na mlango wa mbele. Hakumwambia mtu. Ndege hiyo ilikuwa na miaka 19 na miruko 89,680, mingi ya visiwa kwa visiwa, mwendo mfupi mfupi kama wa kwetu, tena kwenye hewa ya chumvi. Gundi ya maungio ilikuwa imeachia, na kwenye mstari wa ribiti kulikuwa na vijiufa vingi, kila kimoja kidogo, vilivyosubiriana. Ikiwa futi 24,000 vikaungana, na karibu mita tano na nusu za paa zikang'oka. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakupatikana. Wengine 94 walitua wakiwa wamekaa kwenye upepo. Siwezi kusema abiria yule angesema ingekuwaje. Lakini sijawahi kumwona fundi au rubani aliyemcheka mtu aliyeuliza.

Kwa hiyo sema, na useme mapema, mkiwa bado mlangoni. Mwambie mhudumu anayewapokea, kwa maneno mepesi: nimeona kitu kadhaa, mahali fulani, upande fulani. Kama umeshakaa, mtajie namba ya kiti chako na umwonyeshe kwa dirishani. Yeye atampa habari rubani, na rubani atatuma mtu na tochi au atashuka mwenyewe. Mara nyingi utajibiwa ni kitu kinachojulikana. Bawa kupinda juu na chini si ugonjwa. Mkanda wa rangi ya fedha uliobandikwa kwenye bati, ambao watu huuita selotepu, ni mkanda wa alumini wa kazi hiyo, una kibali na muda wake. Kibonyeo kipya kisicho na alama yoyote pembeni, rangi iliyochanika kwa mstari unaotoka kwenye ribiti, ribiti kadhaa zinazovuta sigara kwa pamoja, mafuta yanayodondoka: hivyo usione haya kuvisema hata kama foleni nzima inakusukuma mgongoni.

Siku ukiiona tena ndege ile, angalia kona za kiraka kabla hujaingia ndani. Zikiwa za mviringo, niandikie. Na ukija huku Kigoma niletee dumu la lita tano, nitalilipa. Ila nimeshakwambia kuhusu kifuniko.